Siku Mama Mkwe Aliponyamaza

Kama kuna jambo moja ambalo wanawake wa kile kiwanda cha kufulia walikubaliana bila hata kikao, ni kwamba Mama Mkwe alikuwa adui yao. Hakuwa mtu. Alikuwa vali, kidude cha shaba kilichokaa juu ya boila, kule upande wa pili wa ukuta. Kazi yake ilikuwa kufunguka mwenyewe mvuke ukizidi, autoe nje, kisha ajifunge tena. Kazi ya maana, sikatai. Lakini alivyojua kuchagua wakati! Saa nne kengele ya chai inagonga, mashine za pasi zinafungwa zote, mvuke unakosa pa kwenda. Mwanamke wa watu ndiyo kwanza amekaa, amevua viatu, amepuliza kikombe, anakaribisha mdomo, na hapo hapo Mama Mkwe anaanza. Ni mlio wa kuumiza meno. Analia dakika tatu, anapumua kidogo, analia tena, mpaka robo saa ya mapumziko imekwisha na hujasikia jirani yako alikuwa anakueleza nini. Ndiyo wakampa jina hilo, kwamba anasubiri ukae. Wenye mama wakwe wema mtanisamehe.

Kiwanda kilifua shuka za mahoteli na za hospitali. Zilikuja chafu kwa mlango wa nyuma, zikatoka mbele zimekunjwa, nyeupe, kumi kumi. Katikati ya safari hiyo alisimama Bi Kasoro, mwaka wa ishirini sasa, kwenye mashine kubwa ya kupigia pasi. Jina hilo nalo si la kuzaliwa. Jicho lake lilikuwa halipitwi na kitu. Doa la ukubwa wa punje ya mchele aliliona kutoka upande wa pili wa ukumbi, na alilisema. Kwenye shuka hicho ni kipaji. Kwenye mazungumzo ni balaa. Ukimwonyesha nguo mpya atakuonyesha uzi uliochomoza. Ukimwambia umepungua atakuuliza kama umepima malaria. Wenzake walimpenda hivyo hivyo, kwa mbali.

Mtu mmoja tu hakumtoa kasoro, naye ni mdogo wake. Walipishana miaka kumi na sita. Mama yao alipofariki, huyu mdogo alikuwa bado anatambaa, na Bi Kasoro ndiye aliyembeba mgongoni, akampeleka shule, akamuoza. Sasa mdogo mtu alikuwa na mimba ya miezi minne. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu dada yake aliilinda kama yeye ndiye mwenye tumbo. Alikwenda mwenyewe kumwomba Meneja amtoe kwenye mabeseni amweke meza ya kukunjia, ambako mtu anakaa. Nafasi ilipatikana ile ya mwisho kabisa, iliyoegemea ukuta wa boila. Bi Kasoro alishukuru siku hiyo bila kuambiwa na mtu.

Maana baadaye walikuja kuambiwa. Meneja alikwenda semina ya siku tatu, akarudi na daftari la jalada la njano na uso wa mtu aliyeona mwanga. Daftari la Shukrani. Kila mtu aandike jambo moja kila asubuhi kabla ya kugusa kazi, na asirudie hata siku moja alilokwisha kuandika. Ijumaa yanasomwa mbele ya wote. Na malalamiko? Malalamiko yana sanduku lake, lenye kufuli, litafunguliwa mwisho wa mwezi. Akitokea mtu hawezi kusubiri sanduku, basi ataje kwanza shukrani tatu ndipo aseme linalomkera. Meneja hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa amechoka kuamka kila siku anasikilizishwa manung'uniko, na kusema kweli ukumbi ulichangamka. Watu waliokuwa hawasalimiani wakaanza kutajana majina. Shukrani si kitu kibaya. Ubaya ni kuitoa huku macho yako yako kwingine.

Bi Kasoro alifika siku ya kumi na mbili akakwama. Alikuwa ameshashukuru watoto wake wawili, macho yake, miguu yake, mvua, kukatika kwa mvua, na mdogo wake mara tatu kwa maneno tofauti mpaka Meneja akamwambia kwa upole kwamba hiyo sasa ni kurudia. Siku iliyotangulia kuni za boila zilikuwa mbichi, moto ukafuka tu bila kushika, na saa nne ikapita Mama Mkwe hajafungua mdomo. Basi Bi Kasoro, mkono mmoja unafunga aproni na mwingine umeshika kalamu, akaandika lililomjia: Namshukuru fundi wa boila, jana tulikunywa chai kwa utulivu. Akafunga daftari. Hata hakumbuki kama alitia nukta.

Ijumaa likasomwa, na likampendeza Meneja kupita yote. Akatuma mtu amwite Fundi. Akaja yule mzee na masizi yake mpaka kwenye kope, akasimama mlangoni kofia mkononi, anangoja kugombezwa, kwa sababu miaka ishirini na saba hakuna aliyewahi kumwita ukumbini ila kumwambia moto umefifia. Meneja akamsomea. Wanawake arobaini wakapiga makofi. Fundi akatafuta mahali pa kuweka mikono asipate, akaipeleka mfukoni, akaitoa, akainamisha kichwa, akaondoka haraka kabla hawajamaliza. Bi Kasoro naye alipiga makofi, huku akiwaza kama alifunga bomba nyumbani.

Kuanzia Jumatatu Mama Mkwe akanyamaza moja kwa moja.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Watu waligundua kwamba chai ina ladha. Walijua majina ya watoto wa wenzao, walicheka mpaka wakapaliwa. Daftari likajaa ukimya: nashukuru leo nimesinzia, nashukuru nimesikia ndege kwenye paa. Bi Kasoro mwenyewe alikaa saa nne akanyoosha miguu, lakini kila kikombe kilipokaribia mdomo mabega yake yalikuwa yanapanda yenyewe, yanasubiri. Mlio hauji. Mabega hayashuki.

Wiki ya tatu mdogo wake aliandika kwamba anashukuru ukuta, umekuwa na joto zuri siku hizi, anauegemea na mgongo unapona. Watu wakampongeza. Wiki ya nne mtu wa mashine ya pili alishukuru kwamba pasi zinachoma kuliko zamani, shuka inanyooka kwa mara moja. Wiki ya tano paka wa kiwanda, aliyelala nyuma ya boila tangu akiwa kitoto, akahamia getini kwa mlinzi. Yupo aliyeshukuru kwa hilo pia, kwamba manyoya yamepungua kwenye shuka. Mabomba yanayopita darini yakaanza kugonga, tik, tik, wakati wa chai tu. Vijiko vilitetemeka ndani ya vikombe bila kuguswa. Wakacheka, wakasema kiwanda kinacheza ngoma.

Bi Kasoro hakucheka. Alikwenda akaweka kiganja ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mdogo wake, akakitoa upesi. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Akaenda ofisini kwa Meneja, akasema ule ukuta una neno. Meneja akatabasamu, akainua vidole vitatu. Shukrani tatu kwanza, dada yetu. Akataja afya. Akataja kazi. Ya tatu haikuja, maana kichwani alikuwa na ukuta tu, na Meneja akacheka bila ubaya, akamwambia wewe nawe, hata joto umelitoa kasoro, haya kaandike uweke kwenye sanduku. Akaandika. Ukuta wa boila unaunguza, Mama Mkwe halii, naomba mtu atazame. Akaisukuma karatasi ndani, akaisikia inaangukia chini. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mwezi uishe.

Mngemuuliza kwa nini hakupiga kelele, angewaambia ukweli: alijichoka. Miaka yote yeye ndiye wa kuona doa. Hata nyumbani wanawe walikuwa wameshaanza kumwambia, mama, tushukuru kwanza. Akajiambia huenda ni kweli, huenda ni hulka yake tu, mtu hawezi kupewa utulivu akakaa nao. Akamwambia mdogo wake asogee kidogo kutoka ukutani. Mdogo mtu akasema, "Dada, hapa ndipo pekee mgongo hauniumi. Niache nishukuru hiki kimoja." Akamwacha.

Kisha ikaja Siku ya Shukrani, Alhamisi. Meneja aliipanga kwa siri na furaha. Saa nne kengele ikigonga, mashine zote zifungwe mpaka saa tano, saa nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Watu wakae ukumbini kwenye meza za kukunjia, wanywe chai, yasomwe mazuri ya miezi mitatu, na mwisho Fundi wa boila apewe koti jipya la kazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyetajwa kuliko mtu yeyote ndani ya daftari. Akakataza habari hiyo isimfikie Fundi. Alitaka kumshtukiza.

Basi saa nne na dakika kumi, chai imeshamiminwa na Meneja amesimama na daftari lake, Bi Kasoro akatumwa akamwite. Wewe ndiye uliyeanza kumshukuru, alimwambia, ni haki yako. Akazunguka kwa uani, akipita lundo la kuni. Uani kulikuwa kimya kabisa. Hata mlinzi getini alikuwa amekaa na paka mapajani hasemi kitu.

Alipofungua mlango wa chumba cha boila, joto lilimpiga usoni akarudi hatua. Fundi alikuwa amevaa shati safi, kama siku zote tangu yale makofi. Alikuwa anasokomeza kuni kwa bidii, amejiinamia, na kwa sikio moja lisilosikia vizuri hakujua kwamba mtu ameingia. Boila lenyewe halikutoa sauti, na hilo ndilo lililomtia Bi Kasoro baridi kwenye joto lile. Chuma chote kilikuwa kimebana pumzi. Akainua macho kumtafuta Mama Mkwe. Vali za zamani kama ile zina mkono wa chuma, na mkono huo una uzito wake, ndio unaoamua mvuke utoke lini. Juu ya mkono ule, pamoja na uzito wake wa haki, zilikuwa zimening'inizwa pasi mbili za mkaa, zimefungwa kwa waya. Alizijua. Zilikuwa za stoo, za enzi za kabla ya mashine, na moja kati ya hizo ndiyo aliyojifunzia kazi. Chini yake sindano ya geji, ile saa ya kupimia nguvu ya mvuke, ilikuwa imepita alama nyekundu, imelala kwenye kizuizi cha mwisho, haina pengine pa kwenda.

Na pembeni ya geji, ukutani, palibandikwa karatasi yenye mistari, imekatwa vizuri kwa wembe. Mwandiko ulikuwa wa Bi Kasoro mwenyewe, yale maneno ya siku ya kumi na mbili.

Akamgusa bega. Fundi akageuka, akatabasamu alipomwona ni yeye, tabasamu la mtu anayepokea mgeni wa heshima.

"Fundi, hizi pasi zinafanya nini pale?"

"Zinamnyamazisha," alisema, na alilisema kwa fahari. "Nilitaka muendelee kunywa chai."

Akamweleza bila kuficha. Pasi ya kwanza aliitundika Jumatatu ile baada ya makofi. Baadaye Mama Mkwe akaanza kufoka chini chini, akaongeza ya pili. Alijua anachofanya, asimwone mjinga. Robo saa ya chai boila linavumilia, kisha mashine zinafunguliwa, mvuke unapata njia, sindano inashuka. Kila siku alisimama hapo na kuitazama dakika kumi na tano, mpaka kengele. Na sasa kengele ilikuwa imebakiza dakika tatu, ndiyo maana anajaza kuni mapema, mashine zikifunguka zikute nguvu.

Bi Kasoro akamshika mkono. "Fundi, leo hazifunguliwi. Leo ni mpaka saa tano."

"Nani kasema?"

"Ni sherehe. Ni yako wewe, wamekuficha."

Kijiti cha kuni kikabaki mkononi mwa Fundi. Akaitazama geji, akautazama moto aliokuwa ameushibisha kwa mikono yake, akaitazama ile karatasi. Wala hakukimbilia zile pasi. Akasema akizitoa atalia, na leo wote watasikia, leo ambayo wamekaa kwa ajili yake. Akamwelekeza kidole ukutani kama anayemwonyesha hati ya shamba. Wewe ndiye uliyeandika, akamwambia. Miaka ishirini na saba, wewe peke yako.

Hapo ndipo Bi Kasoro alipotakiwa kusema kitu kigumu kuliko vyote alivyowahi kusema, na huyu ni mwanamke aliyewahi kumwambia bibi harusi kwamba gauni lake limepinda.

"Niliandika kwa sababu nilikosa cha kuandika. Siku ile kuni zilikuwa mbichi. Hata sikukufikiria, Fundi. Sikukufikiria kabisa." Akaonyesha kwa kidevu ukuta wa upande wa ukumbi. "Mdogo wangu ameegemea ukuta huu. Ana miezi saba."

Uso wa Fundi ulizeeka pale pale, Bi Kasoro akiuona. Kisha akaweka kijiti chini, akachukua reki ndefu ya kutolea makaa, na alipofungua tena mdomo alikuwa fundi tu, anatoa maelekezo ya kazi. Watoe watu wote, mpaka getini. Asiguse mtu pasi hata moja. Yeye ataukokota moto nje kwanza, kisha atazishusha pasi polepole, maana ukizing'oa kwa pupa ni sawa na kuvunja chupa.

"Ukimsikia analia, simama," alisema. "Usipomsikia, usisimame."

Alikimbia. Mama wa miaka arobaini na tano na magoti yake, alikimbia akaingia ukumbini kandambili moja ameiacha uani. Meneja alikuwa anasoma. Vijiko vilikuwa vinalia kwenye vikombe vyote arobaini, na juu darini bomba liligonga haraka haraka. Kwenye meza ya mwisho mdogo wake alikuwa amefumba macho, mgongo ukutani, mkono juu ya tumbo, anasikiliza shukrani za watu. Bi Kasoro akasema tutoke nje, boila si zima. Meneja akainua mkono kumtuliza. Si leo, Bi Kasoro, alisema, au basi, tupe zile tatu kwanza. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, cha mapenzi tu, kile cha kumcheka shangazi mkorofi.

Hapa siwezi kumficha. Wazo la kwanza lilikuwa amkamate mdogo wake mkono aondoke naye, na hawa wabaki na vicheko vyao. Alishapiga hatua. Lakini macho yake, yale yasiyopitwa na kitu, yalishuka chini ya meza yakaona miguu. Miguu themanini imevuliwa viatu, imevimba, vidole vinacheza kwa raha. Miaka ishirini hakuwahi kuiangalia. Akavuta pumzi, akasema uongo wake wa kwanza pale kiwandani, kwa sauti ya kufika mpaka stoo:

"Zawadi ziko getini! Kila mtu na yake, na wa kwanza ndiye anayechagua!"

Jamani, watu. Hakuna aliyeinuka kwa ajili ya boila, lakini kwa zawadi meza zilipinduka. Walitoka mbio, pekupeku, wakicheka, wakisukumana mlangoni, na Meneja nyuma yao anauliza zawadi gani, mbona mimi nina koti moja tu. Bi Kasoro alimnyanyua mdogo wake kwapani kama zamani, akamburuta, huyu analalamika viatu, tumbo, chai yake. Wakapita lundo la kuni. Moshi mzito ulikuwa unatoka mlango wa boila; makaa yalikuwa yanakokotwa sakafuni. Hakugeuka.

Getini palikuwa na mlinzi na paka. Watu wakatazamana. Kicheko kikafifia kimoja kimoja, na mtu wa mashine ya pili akauliza kwa hasira ziko wapi. Bi Kasoro alikuwa ameshampandisha mdogo wake mpaka ng'ambo ya barabara, amemkumbatia kwa nyuma, ametega sikio. Kimya. Akahesabu pumzi zake, akapoteza hesabu. Kimya. Akakumbuka alivyoambiwa, usipomsikia usisimame, akaanza tena kumsukuma mdogo wake mbele, wapi hajui, mbele tu.

Ndipo Mama Mkwe akalia.

Alianza kwa mkwaruzo, mkavu, wa koo lililofungwa wiki nyingi. Kisha akafunguka. Mlio ulipanda juu ya paa, ukajaza barabara, madirisha ya jirani yakatetemeka, na haukwisha kwa dakika tatu, wala tano. Siku zote walikuwa wanaziba masikio. Siku hiyo hakuna aliyeinua mkono, maana kufikia hapo hata asiyejua kitu alikuwa ameshaelewa kwamba hakuitiwa zawadi. Bi Kasoro alipiga magoti kwenye vumbi. "Lia, mama," alisema. "Lia." Machozi yalimfika shingoni, na mdogo wake akajaribu kumwinua akashindwa.

Mlio ulipokwisha walisubiri Fundi atoke. Hakutoka. Meneja ndiye aliyetangulia kuingia, na nitampa haki yake hiyo. Bomba la kutolea mvuke nje, lililokaa wiki zote hizo bila kazi, lilikuwa limeachia kwenye kiungo, na mvuke wote ukamwagikia ndani ya chumba kile kidogo. Walimkuta ameketi kwenye kona, pasi zote mbili mapajani, amezikumbatia zisianguke.

Mwisho wa mwezi Meneja alifungua sanduku kama alivyoahidi. Lilikuwa na karatasi moja. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, na siku hiyo hakuonana na mtu.

Wakaguzi walikuja, bomba likabadilishiwa kiungo, akaletwa fundi mwingine. Pasi za mkaa zilirudi stoo. Daftari la njano lilibaki juu ya kabati la ofisi, hakuna aliyelitaja. Mdogo mtu alijifungua salama mwezi wa tisa, mtoto wa kike, mwenye sauti.

Fundi alikuwa bado hospitali. Mikono imefungwa bandeji mpaka viwiko, na masikio yote mawili sasa hayasikii. Mlio ule, kwa karibu vile, uliyamaliza. Bi Kasoro alikwenda mara nne akaishia kwenye ngazi. Mara ya tano alipanda. Shuka za kitanda zilikuwa zile zile zilizopita mikononi mwake, na hakutafuta doa. Kwa kuwa Fundi hasikii, alikuwa ameandika, ukurasa mzima, usiku kucha ameufuta na kuurudia. Akamshikia mbele ya macho. Humo aliandika asante kwa mdogo wake, kwa mtoto, kwa watu arobaini, kwa miaka ishirini na saba.

Fundi akasoma taratibu, midomo inacheza. Alipomaliza akamtazama, na akaongea kwa sauti ya juu mno, kama wanavyoongea wasiojisikia, wadi nzima ikageuka.

"Na hii? Umekosa tena cha kuandika?"

Hakuwa na ukali. Alikuwa anauliza, anataka kujua kweli. Bi Kasoro alisikia swali lile likimwingia mpaka mifupani, na aliona kwamba ukurasa wake wote, kwa uzuri wake, ungeweza kuandikwa na mtu yeyote kwa mtu yeyote. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akageuza karatasi, akachukua kalamu, akafikiri, kisha akaandika mistari michache akamwinulia tena.

Leo Mama Mkwe amelia saa nne na dakika nane. Nilikuwa nimekaa, kikombe mkononi. Amelia mara mbili, ya pili fupi. Watu wamefungua mdomo kulalamika wakafunga. Nimesikiliza mpaka mwisho ndipo nikaja.

Fundi alisoma. Macho yake yalisimama muda mrefu kwenye mstari wa kwanza. Kisha akamwambia aisogeze karibu na dirisha, mwanga hautoshi, anataka kuisoma tena.